Flaksi kwenye unga wa chuma kisichoshika kutu: namna ya kuisinta 316L ishikane

Unga wa chuma kisichoshika kutu una ubishi ambao unga wa chuma cha kawaida hauna. Kila chembe imevikwa utando wa oksaidi ya kromiamu, unene wake nanomita chache tu. Utando huo ndio unaokilinda chuma hiki kisipate kutu, na ndio huo huo unaozuia chembe zisishikane tanurini, kwa kuwa atomi za metali zinashindwa kuvuka kutoka chembe moja kwenda ya jirani. Unaishia kupata kipande chenye umbo zuri kinachopukutika ukikisugua kwa kidole gumba.

Kusinta ni kuunganisha chembe kwa joto lililo chini ya kiwango cha kuyeyuka. Chuma cha daraja la 316L huanza kuyeyuka karibu na 1375 °C, ilhali matanuri mengi madogo hayavuki 1300 °C kwa usalama. Hapo ndipo watu huanza kutafuta flaksi: kitu kidogo cha kuchanganya na unga ili kisafishe utando, kiyeyuke mapema na kuzivuta chembe zikaribiane. Mwongozo huu unahusu 316L, ila 304L nayo inafuata njia hiyo hiyo, tofauti ikiwa nyuzi chache za joto.

Kwanza, flaksi ipi?

Aliyezoea kuchomelea atafikiria boraksi. Inayeyuka karibu na 743 °C, inapatikana kirahisi, na kwa chuma cha kawaida kazi yake ni nzuri. Kwa oksaidi ya kromiamu haifui dafu. Boraksi iliyoyeyuka huimumunya oksaidi ya chuma bila taabu, lakini ile ya kromiamu inaigusa kwa shida, na ndiyo sababu flaksi za kuungia stenlesi kwa fedha hutiwa floraidi. Isitoshe, kwenye kuchomelea taka huelea juu ya kiungo, fundi akaigonga ikatoka. Ndani ya kipande cha unga taka haina pa kutokea. Inabaki kwenye vitundu, inafyonza unyevu, na kutu inaanzia humo humo.

Floraidi zenyewe husafisha kweli, lakini kwenye joto la kusinta hutoa mvuke unaokula kuta za tanuri na waya za joto, na zikikutana na unyevu huzaa hidrojeni floraidi, gesi inayounguza mapafu na kupenya ngozi hadi mfupani. Asiye na mfumo wa kusafisha moshi asizijaribu. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: chumvi za sodiamu au potasiamu zikipata moto pamoja na kromiamu mahali penye oksijeni, huzaa kromati, yaani kromiamu ya valensi sita inayosababisha saratani. Ukiona rangi ya njano kwenye vyombo vyako baada ya jaribio la namna hiyo, usikwangue kwa mkono mtupu.

Flaksi inayofaa kwa kazi hii huingia ikiwa metali, na kiini chake ni boroni. Boroni ina uchu wa oksijeni kuliko kromiamu. Ikikutana na utando, inampokonya kromiamu oksijeni yake na yenyewe kugeuka oksaidi ya boroni, ambayo kwenye joto hilo ni kimiminika. Boroni iliyomo kwenye boraksi imekwisha kushiba oksijeni. Haina cha kupokonya. Hii ndiyo kanuni ya ule unga wa nikeli wenye kromiamu, boroni na silikoni unaopuliziwa juu ya mashine zilizolika, ambao hauhitaji flaksi ya pembeni kwa sababu umeibeba ndani yake.

Kazi ya pili ya boroni ni kushusha joto la kuyeyuka. Chuma peke yake huyeyuka kwenye 1538 °C. Kikichanganyika na boroni kwa uwiano wa yutektiki, yaani ule unaoyeyuka kwa joto la chini kuliko uwiano wa jirani, kimiminika cha kwanza hutokea karibu na 1175 °C. Nikeli na boroni hufanya hivyo karibu na 1093 °C. Ndani ya 316L, kwa sababu ya kromiamu na molibdeni, kimiminika hujitokeza zaidi kati ya 1200 na 1250 °C. Kinavutwa kwenye nafasi kati ya chembe kama mafuta yanavyopanda utambini, kinazisogeza, kisha kinaziba vitundu. Na kwa kuwa chuma kigumu hupokea boroni kidogo mno, kimiminika hicho hakinyweki kikaisha. Kinadumu muda wote wa kusinta.

Viongezo vingine vipo. Ferrofosforasi huanza kuyeyuka mapema zaidi, karibu na 1050 °C, lakini huacha chuma kikiwa chepesi kukatika. Shaba na bati huyeyuka mapema pia, ila haziuondoi utando. Silikoni inasaidia ikiandamana na boroni. Mimi ningeanza na boroni na kuziacha hizo nyingine kwa siku nyingine.

Ya kununua ni mojawapo kati ya hizi tatu: ferroboroni, ambayo kwa kawaida ina boroni asilimia 18 hadi 20, unga wa nikeli-boroni, au unga wa nikeli wa kulehemu stenlesi, wenye takriban kromiamu asilimia 7, silikoni 4.5 na boroni 3, unaoyeyuka kati ya 970 na 1000 °C. Kwa anayeanza napendekeza huu wa tatu. Huuzwa ukiwa laini tayari, silikoni imo ndani, na nikeli yake haiharibu tabia ya 316L. Ferroboroni ni rahisi kwa gharama lakini ni ngumu kama jiwe, na kuisaga iwe laini inavyotakiwa ni kazi.

Hatua ya 1: Unga wenyewe

Herufi L kwenye 316L si pambo. Inamaanisha kaboni isizidi asilimia 0.03, na cheti cha unga kinapaswa kuonyesha hivyo pamoja na kiasi cha oksijeni. Ukiwa na mashine ya kukandamiza, chukua unga uliotengenezwa kwa maji, yaani kwa kupiga chuma kilichoyeyuka kwa maji ya kasi, wenye chembe za maumbo ya ovyo zisizozidi maikromita 150. Chembe hizo hushikana zikikandamizwa. Unga uliotengenezwa kwa gesi una chembe za mviringo zinazoteleza. Huo unafaa kumiminwa kwenye kalibu na kusintwa bila kukandamizwa, mradi chembe ziwe chini ya maikromita 45.

Hatua ya 2: Hesabu ya boroni

Hesabu boroni halisi, usihesabu uzito wa kiongezo. Kanuni ni hii: uzito wa mchanganyiko wote mara asilimia ya boroni unayoitaka, gawanya kwa asilimia ya boroni iliyomo kwenye kiongezo.

Tuseme unataka gramu 200 za mchanganyiko wenye boroni asilimia 0.2. Boroni halisi ni gramu 0.4. Ukitumia ferroboroni ya asilimia 18, pima gramu 2.22 na uijazilizie kwa gramu 197.78 za 316L. Ukitumia unga wa kulehemu wenye boroni asilimia 3.1, pima gramu 12.9 na 316L gramu 187.1. Mizani isome angalau sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya jikoni haifai hapa.

Kiasi cha maana kiko kati ya asilimia 0.1 na 0.4. Chini ya 0.1 huoni tofauti kubwa. Kuanzia 0.6 kwenda juu kipande kinaweza kufunga vitundu karibu vyote, lakini boraidi, yaani muungano wa boroni na metali, zitakuwa zimetandaza wavu usiokatika kwenye mipaka ya punje, zile fuwele ndogo zinazounda chuma, na wavu huo ni kama kioo: ukikigonga kipande, ufa unafuata njia hiyo. Boraidi hizo pia hula kromiamu na molibdeni, vitu vile vile unavyovihitaji dhidi ya kutu. Kwa hiyo mwenye kutaka kipande kisichovunjika upesi na kisichoshika kutu hana budi kukubali vitundu vichache.

Tengeneza mafungu manne: 0, 0.1, 0.2 na 0.4. Fungu la sifuri usiliruke. Bila hilo hutajua kama kilichofanya kazi ni boroni au ni tanuri lako tu.

Hatua ya 3: Chekecha, changanya

Chembe ya kiongezo ikiyeyuka, huacha tundu lenye ukubwa wake pale ilipokuwa. Kama iliyoyeyuka ilikuwa ya maikromita 100, utakuwa na shimo la maikromita 100 katikati ya kipande kilicho kizuri kwingine kote. Ndiyo maana kiongezo kipite kwenye chekecheke laini kuliko zote ulizo nazo. Chini ya maikromita 20 ni bora, 45 inavumilika.

Weka unga kwenye chupa yenye nafasi wazi ya angalau nusu, tia na kilainishi, nta ya amaidi asilimia 0.5 hadi 1, kisha izungushe ikiwa imelala kwa nusu saa. Kuitikisa juu-chini kunautenganisha unga badala ya kuuchanganya, laini ukishuka chini. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini na fanya kazi hii mbali na feni. Vumbi la nikeli si la kuvuta.

Hatua ya 4: Kandamiza

Shinikizo la megapaskali 500 hadi 700 linatosha. Tengeneza aina mbili za vipande kwa kila fungu: kisahani cha mviringo cha kupima msongamano, na kijiti chembamba kirefu. Kijiti kitalazwa tanurini kikiwa kimeegemea ncha mbili tu, katikati wazi. Kimiminika kikizidi, kijiti kitapinda katikati, na hicho ni kipimo kizuri kuliko maelezo marefu.

Pima kila kipande kibichi: uzito, kipenyo, unene. Andika. Baadaye utahitaji msongamano wa kipande kibichi ili kukisia kitasinyaa kiasi gani. Mfano: kutoka gramu 6.4 kwa sentimita ya ujazo hadi 7.6, gawanya 6.4 kwa 7.6, tafuta kipeo cha tatu, unapata 0.944, yaani kila upande umepungua takriban asilimia 5.6. Kalibu yako ijayo ipanuliwe kwa kugawanya kipimo unachokitaka kwa 0.944, yaani takriban asilimia 5.9.

Hatua ya 5: Choma kilainishi

Pandisha nyuzi 3 hadi 5 kwa dakika hadi 500 °C, gesi ikipita kwa wingi, na ukae hapo saa moja. Ukiharakisha, nta inageuka masizi ndani ya vitundu, na masizi hayo yataingia kwenye chuma yakiwa kaboni.

Hatua ya 6: Hewa ya tanuri

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na boroni haiwezi kuokoa hewa chafu. Ikikuta oksijeni au mvuke wa maji tanurini, itaungua yote kabla ya kufika kwenye joto la kuyeyuka, ukabaki umelipia kiongezo ambacho hakikufanya lolote.

Hidrojeni kavu ni bora. Neno zito ni *kavu*: kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa gesi huanza kuganda, kiwe -40 °C au chini zaidi, kikipimwa kwenye gesi inayoingia na, kama unaweza, kwenye inayotoka pia. Hidrojeni hulipuka ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 4 na 75 za ujazo, kwa hiyo tanuri lisafishwe kwa argoni kabla na baada, njia ya kutokea iwe na mwali unaowaka muda wote, na chumba kiwe na hewa ya kutosha na kipima gesi. Tanuri ambalo halikujengwa kwa ajili ya hidrojeni lisitiwe hidrojeni.

Ombwe linafaa pia, lakini kromiamu huvukiza humo na uso wa kipande ukakosa kinga. Ukivuka 1100 °C rudisha argoni kidogo ndani ya tanuri. Argoni peke yake ni chaguo la mwisho. Haiondoi oksaidi, inazuia tu isiongezeke, na hata mtungi wa argoni safi una oksijeni inayozidi ile kromiamu inayoweza kuivumilia. Weka kipande ndani ya kisanduku cha chuma chenye kifuniko na uzungushie sponji ya titani, ambayo itainyaka oksijeni kabla haijafika. Argoni ina kasoro nyingine: ikinaswa ndani ya kitundu kilichofungwa haiyeyuki kwenye chuma, hivyo kitundu hicho hakifungi kabisa. Hidrojeni hupenya ikatoka.

Nitrojeni iepuke, na gesi inayotokana na kuvunja amonia vivyo hivyo, kwa kuwa robo yake ni nitrojeni. Boroni huikamata nitrojeni ikawa boroni nitraidi, unga mweupe usioyeyuka, na flaksi yako imeishia hapo. Kromiamu nayo hushikwa wakati wa kupoza.

Na mkaa? Wako wanaokizika kipande kwenye unga wa mkaa ili ule oksijeni. Kwa shaba njia hiyo ni nzuri. Kwa 316L unaingiza kaboni, na kaboni inayokutana na chuma huyeyuka nacho karibu na 1147 °C. Kipande kinaweza kuyeyuka pale kilipogusa mkaa huku katikati kikiwa hakijasinta. Kwa sababu hiyo hiyo usikilaze juu ya grafiti. Sahani ya alumina inatosha.

Hatua ya 7: Panda kwa ngazi

Kutoka 500 °C panda nyuzi 5 hadi 10 kwa dakika hadi 1100 °C, kisha simama hapo dakika 45 hadi 60. Watu huliruka pumziko hili kwa kuona halina faida. Ndilo linaloipa hidrojeni nafasi ya kuuondoa utando wakati njia kati ya vitundu bado ziko wazi. Kimiminika kikijaa mapema, njia zinazibwa na mvuke wa maji unanaswa ndani.

Baada ya hapo panda polepole, nyuzi 3 hadi 5 kwa dakika, hadi joto la kusinta. Anza na 1220 °C kwa dakika 30. Mzunguko unaofuata uwe 1240, kisha 1260, kila mara ukiwa na vipande vipya vya mafungu yote manne. Kati ya 1220 na 1260 tofauti huwa kubwa: fungu la 0.2 linaweza kuwa bado limejaa vitundu kwenye joto moja na kubana ghafla nyuzi ishirini juu yake, na fungu la 0.4 likaanza kulegea kwenye joto hilo hilo. Joto likipanda, kimiminika huongezeka haraka kuliko unavyotarajia, kwa hiyo ukitaka kubana zaidi, ongeza muda kabla ya kuongeza nyuzi.

Yote haya yanategemea kipimajoto kinachosema kweli. Themokapo ya aina ya K haifai kukaa kwenye joto hili. Tumia S, R au B. Ili kuikagua, weka kipande cha waya wa shaba safi karibu na ncha yake, ndani ya argoni au hidrojeni, na uone kinayeyuka kipimo kikisoma ngapi. Jibu sahihi ni 1085 °C. Kikisoma 1065 wakati shaba inayeyuka, ongeza 20 kwenye kila namba unayoisoma karibu na hapo.

Hatua ya 8: Poza

Toka kwenye joto la juu polepole hadi karibu 1150 °C ili kimiminika kigande bila kupasua kipande, halafu poza haraka uwezavyo, hasa kati ya 850 na 500 °C. Humo ndimo kaboni yoyote iliyoingia hujishikiza na kromiamu kwenye mipaka ya punje. Usifungue tanuri kabla ya 100 °C, na hidrojeni yote iwe imesukumwa nje na argoni.

Hatua ya 9: Kisome kipande

Anza na macho. Rangi ya fedha iliyofifia ndiyo unayoitaka. Kijani ni oksaidi ya kromiamu: gesi ilikuwa na unyevu kwenye joto la juu, na hakuna kiasi cha boroni kitakachorekebisha hilo. Rangi za upinde wa mvua juu ya uso unaong'aa zinaonyesha kusinta kulienda vizuri ila hewa iliingia wakati wa kupoza. Weusi unaochafua kidole ni masizi ya kilainishi. Rudi hatua ya 5.

Msongamano upime kwa maji. Kipime kikavu, kipake nta nyembamba kuziba vitundu vya nje, kipime tena hewani, halafu kikiwa kimening'inia majini. Tofauti ya vipimo viwili vya mwisho kwa gramu ni ujazo kwa sentimita za ujazo. Toa ujazo wa nta, kisha gawanya uzito mkavu kwa kilichobaki. Chuma cha 316L kisicho na kitundu kina takriban 7.95. Vipande vilivyokandamizwa na kusintwa bila kiongezo huangukia mara nyingi kati ya 6.4 na 7.0. Fungu la boroni likivuka 7.5 bila kijiti kupinda, umefika mahali pazuri.

Kivunje kijiti kimoja cha kila fungu kwa koleo. Kilichopinda kwanza ndipo kikavunjika kimesintwa vyema. Kilichokatika pwaa bila kupinda, tena kikionyesha punje zinazometameta, kina boraidi nyingi. Shusha boroni, acha joto lilivyo. Kilichomomonyoka kiwe unga hakikusinta, na hapo chunguza hewa kwanza kabla ya kugusa hesabu yako ya kiongezo.

Mwisho ni kutu. Yeyusha gramu 50 za chumvi kwenye maji yaliyosafishwa, ujazilizie hadi lita moja, na uvitumbukize vipande visivyopakwa nta, kila kimoja kwenye glasi yake, fungu la sifuri likiwemo. Angalia kila siku kwa wiki mbili. Fungu la 0.4 likitoa madoa ya kahawia mapema kuliko la 0.2 ingawa lina vitundu vichache zaidi, kromiamu yake imemezwa na boraidi, na kwa kazi inayokutana na maji ya chumvi ni hilo la 0.2 utakalolichukua.